Uzuri wa Mji wa Zamani Uko Ghorofani

Mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida, kilomita 5 kwa saa, anakwenda karibu mita 1.4 kila sekunde. Katika miji mingi midogo ya Marekani iliyojengwa karne ya 19, kiwanja cha duka katikati ya mji kilikuwa na upana wa futi 25 hivi, yaani mita saba na nusu. Piga hesabu: kila baada ya sekunde tano au sita mpita njia anakutana na mlango mpya. Kioo cha duka la vitabu, fundi viatu ameinamia kazi yake, ngazi nyembamba yenye kengele na jina la wakili, kisha harufu ya mkate. Sasa mpeleke mtu huyohuyo kwenye duka kubwa la kando ya barabara kuu, lenye ukuta wa mita mia moja usio na hata dirisha moja. Atatembea zaidi ya dakika nzima jicho likikosa pa kutua, na kabla ya kuufikia ukuta huo amekwisha kuvuka maegesho ya magari yaliyo makubwa kuliko duka lenyewe.

Naanza na hesabu hii kwa makusudi. Tunaposifia miji midogo yenye kitovu cha kale, wengi wetu tunaishia kusema kwamba inapendeza, ina historia, ina utulivu. Yote ni kweli, lakini sifa za namna hiyo hazimsaidii diwani aliyeletewa mezani ombi la kubomoa nyumba tano ili pajengwe maegesho. Mvuto wa miji hii una sababu zinazoweza kupimwa kwa futi na kwa dola. Na sababu iliyo kubwa kuliko zote, ambayo wapenzi wa majengo ya kale huisahau, ni kwamba watu wanaishi na kufanya kazi ndani ya majengo hayo, hasa kwenye ghorofa za juu ya maduka.

Litazame jengo lenyewe. Kiwanja kilikuwa chembamba kwa sababu kila mfanyabiashara alitaka kugusa barabara kuu, na upande unaoigusa barabara ndio uliokuwa ghali. Basi nyumba ikarefushwa kwenda nyuma na kupandishwa kwenda juu. Kuta za ubavuni zilichangiwa na majirani. Mbele kuliwekwa vioo vikubwa, vikashikwa na nguzo nyembamba za chuma, maana taa za umeme zilikuwa hazijaenea na mwanga wa jua ulihitajika ndani. Juu ya mlango paliwekwa safu ya vidirisha ili mwanga huo ufike hadi nyuma ya duka, na dari likanyanyuliwa ili joto la kiangazi lipande na kumwacha mteja apumue. Chini kulikuwa na duka; ghorofa ya kwanza wakakaa familia ya mwenye duka, au daktari wa meno, au mshonaji; juu kabisa mara nyingi kulikuwa na ukumbi wa chama au wa ngoma. Hakuna aliyekuwa akijenga kivutio cha watalii. Walikuwa wanabana matumizi, na kubana huko ndiko kulikotupa barabara tunazozipiga picha leo.

Mahali pengine palikuwa na mpango wa makusudi, na huwezi kuzungumzia jambo hili ukaiacha Savannah, katika jimbo la Georgia. James Oglethorpe alipoianzisha mwaka 1733 aliigawa katika kata ndogo. Kila kata ilikuwa na kiwanja cha wazi katikati, viwanja vya nyumba 40 kaskazini na kusini yake, na pande za mashariki na magharibi viwanja vinne vikubwa vya makanisa na majengo ya umma. Mji ulipokua, kata nyingine iliongezwa kwa kipimo kilekile, mpaka viwanja vya wazi vikafika 24. Leo vimebaki 22. Uzuri wa mpango huo unauona vizuri zaidi ukisimama kwenye kona na kutazama magari. Dereva anayefuata barabara ya katikati anafika kiwanjani na kukuta njia imekatika. Inambidi apunguze mwendo, azunguke chini ya mialoni, kisha aendelee mpaka kiwanja kinachofuata, alazimike tena. Hakuna tuta wala askari. Mwaka 1733 hapakuwa na gari hata moja duniani, lakini mpango uliowafaa watembea kwa miguu wa wakati ule unawalinda watembea kwa miguu wa leo.

Sasa tuulize kwa nini vitovu vingine vya miji vilibaki na vingine vikafagiliwa. Tungependa jibu liwe kwamba wazee walikuwa na hekima. Mara nyingi ni ukata uliovilinda. Asheville, mji wa milimani katika North Carolina, ulikopa na kujenga kwa pupa miaka ya 1920. Tarehe 20 Novemba 1930 benki kuu ya mji ilianguka na fedha za umma zikaenda nayo. Badala ya kuomba kusamehewa, mji uliamua kulipa deni lote, na ulimaliza kulipa mwaka 1976. Hesabu miaka hiyo: ndiyo hasa miaka ambayo miji mingine ya Marekani ilikuwa na fedha za kubomoa. Asheville haikuwa nazo. Majengo yake ya miaka ya 1920, yenye vigae vya rangi na mapambo ya enzi yake, yalisimama yakipauka mpaka dunia ikajifunza tena kuyapenda. Wahenga walisema kufa kufaana, na hapa ni kweli tupu. Galena, mji mdogo wa Illinois uliotajirika kwa madini ya risasi, ulihifadhiwa na anguko la namna hiyohiyo: madini yalipopungua na mto ulipojaa tope hapakuwa na mtu wa kujenga kipya, na leo mji wenye wakazi wapatao 3,000 una barabara kuu ambayo watu husafiri mbali kuja kuiona.

Mahali palipokuwa na fedha, fedha zilifanya kazi yake. Sheria ya makazi ya mwaka 1949 ililipia ubomoaji wa mitaa iliyoitwa chakavu. Mwaka 1956 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya barabara kuu za kitaifa, maili 41,000 za lami, na mwaka huohuo Southdale, kituo cha maduka kilichofunikwa chote kwa paa, kilifunguliwa Edina, Minnesota, kwa usanifu wa Victor Gruen. Wateja wakahamia huko. Wenye maduka wa katikati ya mji, kwa hofu, wakajaribu kufanana na mpinzani wao: walifunika nyuso za majengo yao kwa mabati ya alumini ili yaonekane mapya. Hapo ndipo ninaposikitika zaidi, kwa sababu bati lile liliziba madirisha ya ghorofani. Dirisha likizibwa, chumba hakikaliki tena. Kwa hiyo mwenye duka aliyetaka kujiokoa alipoteza pango la juu, na barabara ikapoteza macho yaliyoitazama usiku.

Savannah nayo ilikuwa kwenye njia hiyohiyo. Mwaka 1954 soko lake la kale lilibomolewa na pakajengwa jengo la kuegesha magari juu ya kiwanja cha Ellis, kimojawapo cha vile viwanja vya wazi. Mwaka uliofuata nyumba ya Davenport, iliyojengwa 1820, ilitakiwa ifuate. Wanawake saba walichanga na kuchangisha dola 22,500, wakainunua, na hapo ikazaliwa taasisi ya kulinda majengo ya kale ya mji huo, Historic Savannah Foundation. Tunachopaswa kuiga kwao, kuliko ujasiri wenyewe, ni utaratibu waliokuja kuubuni baadaye. Waliweka mfuko wa mzunguko: taasisi inanunua nyumba iliyo hatarini, inaiuza kwa mtu aliyeahidi kuikarabati na kuitumia, inatia sharti kwenye hati kwamba haitabomolewa, kisha fedha iliyorudi inanunua nyumba nyingine. Nyumba haikugeuzwa kuwa makumbusho. Ilirudishwa kwa mtu wa kulala ndani yake. Na lile jengo la maegesho? Lilibomolewa, magari yakashushwa chini ya ardhi, na mwaka 2010 kiwanja cha Ellis kikafunguliwa tena kwa watu. Miaka zaidi ya hamsini na gharama mara mbili, ili kurudi mahali mji ulipokuwa.

Asheville ilipata mtihani wake mara tu ilipomaliza deni. Mwekezaji alileta mpango wa kubomoa sehemu kubwa ya katikati ya mji na kujenga kituo cha maduka. Mwaka 1980 wapinzani wa mpango huo walifunga vipande vya nguo na kuvizungusha kwenye eneo lote lililolengwa, ili kila mwenye macho aone kwa ukubwa wake halisi kile kilichokuwa karibu kupotea. Ramani ya mezani inaficha. Kitambaa kilichopita mbele ya mlango wa kinyozi wako hakifichi. Mwaka uliofuata wapiga kura walikataa hati fungani za kugharimia mradi.

Miaka mingi baadaye, mtaalamu wa mipango miji Joe Minicozzi alichukua hesabu za mji huohuo na kufanya jambo rahisi ambalo halmashauri nyingi hazikuwahi kulifikiria: aligawa kodi ya majengo kwa ekari. Duka la Walmart lililoko nje kidogo ya katikati ya mji, kwenye ekari 34, lilikuwa likilipa kodi ya majengo ya takriban dola 6,500 kwa ekari. Jengo la zamani la JCPenney, kampuni ya maduka makubwa, katikati ya mji, lililokuwa limekaa tupu miaka mingi kisha likakarabatiwa kuwa na maduka chini na makazi juu, lilikaa kwenye moja ya tano ya ekari tu, na lilikuwa likilipa kwa kiwango cha dola 634,000 kwa ekari. Ni karibu mara mia. Ajira nazo zilikuwa karibu 74 kwa ekari dhidi ya 6. Diwani anayelitazama duka kubwa anaona hundi kubwa, na ni kweli hundi ni kubwa. Haoni kwamba ardhi, barabara, mabomba ya maji na ya majitaka ya kulihudumia eneo hilo ni vitu ambavyo mji utavilipia milele. Ardhi ndiyo mali pekee ambayo mji hauwezi kuagiza zaidi, kwa hiyo kupima pato kwa ekari ni haki kama mkulima anavyopima magunia.

Hapa sharti nisimame kwenye jambo lisilopendeza, kwa sababu sifa za miji hii huandikwa kana kwamba kila aliyeishi humo aliishi vizuri. Savannah na jirani yake Charleston, katika South Carolina, zilijengwa kwa mikono ya watumwa na kutajirika kwa jasho lao. Mwezi Machi 1859, nje kidogo ya Savannah, zaidi ya watu 400 waliuzwa kwa siku mbili tu, familia zikatawanywa. Na fedha za ubomoaji za karne ya 20, hata pale zilipoukosa mtaa wa maduka, zilifika kwenye mitaa ya Wamarekani weusi iliyokuwa jirani. Asheville ilifagia mitaa ya namna hiyo, na mwaka 2020 halmashauri yake iliomba radhi rasmi. Sioni kwamba ukweli huu unatutaka tuyachukie majengo. Unatutaka tuseme yote yaliyotokea ndani yake. Savannah mwaka 2023 ilipiga kura kukipa kimoja cha viwanja vyake, kilichokuwa na jina la Calhoun, makamu wa rais aliyeutetea utumwa, jina jipya la Susie King Taylor, mwanamke aliyezaliwa utumwani akaja kuwa mwalimu wa waliokombolewa na muuguzi wa wanajeshi. Hiyo ni kazi ya uhifadhi kama ile ya kuziba ufa ukutani.

Kuna wanaoamini kwamba dawa ni kuondoa magari tu. Kalamazoo, Michigan, ilijaribu mapema kuliko wengine: mwaka 1959 iliifunga barabara yake ya maduka kwa magari, ikaweka nyasi na maua. Dunia ilishangilia. Lakini waliokuja kutembea walipaswa kutoka vitongojini kwa gari, na jioni wote waliondoka, kwa kuwa wakazi wa palepale walikuwa wachache. Mwaka 1998 magari yalirudishwa kwenye sehemu ya barabara hiyo. Linganisha na Pontevedra, mji wa Hispania wenye wakazi wapatao 83,000, ulioanza kuondoa magari katikati mwaka 1999 chini ya meya Miguel Anxo Fernández Lores. Pale mawe ya kale yalitandazwa upya kutoka ukuta hadi ukuta, watoto wakarudi kucheza barabarani, na mji umeshikilia uamuzi huo miaka yote hii. Tofauti ni kwamba Pontevedra ilikuwa bado na watu juu ya maduka, na mabadiliko yakawavuta wengine kuhamia. Mtu anayeshuka ngazi na kununua maziwa hahitaji maegesho.

Marekani nayo ilijifunza, polepole. Mwaka 1977 shirika la kitaifa la uhifadhi, National Trust for Historic Preservation, lilichagua miji mitatu midogo ya majaribio: Galesburg huko Illinois, Madison huko Indiana, na Hot Springs huko South Dakota. Kila mji ulipewa meneja mmoja wa barabara kuu, kazi yake kuzunguka duka hadi duka: huyu ashauriwe kuhusu bango, yule akutanishwe na benki, mwingine aoneshwe kilichofichika chini ya bati lake. Alumini ilipong'olewa, mara nyingi tofali na nakshi zilikuwa bado zipo, zimetobolewa tu na misumari. Napenda kwamba hapakuwa na mradi mkubwa wa kuzindua. Mabadiliko ya namna hiyo yanakwenda duka moja baada ya jingine, na kwa sababu ni madogo, likiharibika moja barabara nzima haianguki.

Hatari ya leo imegeuka upande. Mji unaweza kufa kwa kupendwa. Kitovu cha kale cha Venice kilikuwa na wakazi wapatao 175,000 mwaka 1951. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000, ingawa wageni hawakupungua. Kila jiwe liko mahali pake, na aliyekosekana ni mtu wa kupiga kelele taka zisipozolewa. Chumba cha ghorofani kinacholipiwa na mgeni kwa usiku mmoja kinamshinda mwalimu anayelipa kwa mwezi, na mwalimu akihama, duka la dawa na la mboga yanamfuata. Yanabaki ya kumbukumbu na peremende. Savannah imeweka kikomo cha idadi ya nyumba za kupangisha wageni katika kila kata. Asheville inazuia nyumba nzima kukodishwa kwa siku chache katika maeneo yake mengi ya makazi. Wengine wanaita hatua hizi uadui dhidi ya biashara, nami naziunga mkono bila kusita. Asheville ilionja mwaka 2024 maana ya kutegemea mgeni: baada ya kimbunga Helene mwezi Septemba, maji salama ya bomba hayakurudi kikamilifu kwa siku 53. Majengo ya katikati ya mji, yaliyo juu ya mafuriko, yalisimama, lakini migahawa ilifungwa na wageni hawakuja, katika msimu ambao majani hugeuka rangi na biashara hushamiri kuliko wakati wowote.

Kwa hiyo, tukirudi kwa yule diwani na ombi lake la maegesho, ningemwomba aangalie juu kabla ya kutia sahihi. Ni madirisha mangapi ya ghorofani yenye mapazia, na mangapi yamepigiwa mbao? Mengi yamefungwa kwa sababu ya sheria ndogondogo zaidi ya kukosa wapangaji. Sheria ya moto inadai ngazi ya pili, na kwenye jengo lenye upana wa mita saba na nusu ngazi hiyo inakula chumba. Majirani wawili wakiruhusiwa kuchangia ngazi moja ya nyuma, hesabu inabadilika papo hapo. Serikali kuu ya Marekani inatoa nafuu ya kodi ya asilimia 20 ya gharama za kukarabati majengo ya kihistoria yanayoingiza kipato, na nyumba za kupangisha zimo, lakini mwenye duka moja dogo hana mhasibu wa kumjazia fomu. Halmashauri inaweza kumwajiri mtu mmoja wa kufanya kazi hiyo kwa mtaa mzima, kwa gharama ndogo kuliko kutandaza lami.

Na kanuni ya kila biashara kuwa na nafasi kadhaa za kuegesha magari ndiyo ningeifuta kwanza. Jengo lililokuwepo kabla ya gari haliwezi kuitimiza bila kulibomoa jirani yake. Fayetteville, Arkansas, mji mdogo wenye kiwanja chake cha kale cha biashara, uliifuta kwa majengo yote ya biashara mwaka 2015, na majengo yaliyokuwa yamekaa tupu kwa kukosa mahali pa kuweka magari yakaanza kupata wapangaji. Haikuhitaji mkopo. Madiwani walipiga kura tu.